Gari la pamoja au teksi? Kufika hotelini kutoka uwanja wa ndege, Kisumu na Nakuru

Mgeni akinipigia simu kuniuliza apande nini akitua Kisumu, mimi humrudishia maswali mawili kwanza: hoteli yako iko upande gani, na mko wangapi? Wengi huanza na bei. Bei ina uzito wake, lakini kwa gari la pamoja haikwambii kitu mpaka ujue utashushwa wa ngapi. Anayeshushwa wa kwanza amepata teksi kwa nusu bei. Anayeshushwa wa mwisho amezungushwa mji mzima akiwa amepakata mkoba, na kama alitoka Nairobi kwa ndege ya dakika 50 hivi, anaweza kukaa ndani ya vani karibu muda uleule aliokaa angani.

Ninaposema gari la pamoja nina maana ya vani inayokusanya wasafiri wasiojuana pale uwanjani, kila mmoja akalipia kiti chake, kisha ikawashusha hoteli baada ya hoteli. Yako ya namna tatu, na ni vyema yasichanganywe. Kuna gari la hoteli yenyewe, ambalo hubeba wageni wa hoteli hiyo peke yao. Kuna la kampuni ya usafiri, ambalo huzungukia hoteli mbalimbali. Halafu kuna lile ambalo wasafiri wenyewe hulikodi kwa kuchanga, na huku magharibi hilo ndilo lenye mizizi zaidi, kwa sababu ya mazishi na kwa sababu ya Desemba, watu wanaporudi nyumbani kwa Krismasi.

La hoteli, ukilipata, lichukue bila kufikiri mara mbili. Mnashuka mlango mmoja, hakuna wa kwanza wala wa mwisho, na dereva anajulikana na watu wa mapokezi. Kasoro yake ni kwamba hoteli nyingi hazilitaji mpaka uulize. Unapolipia chumba, uliza mambo matatu kwa simu, si kwa kubahatisha: gari la kunipokea lipo? Ni bure ama linaingia kwenye bili? Na dereva hufanya kazi mpaka saa ngapi? Hilo la tatu ndilo watu husahau. Gari linaweza kuwapo kwa ndege ya asubuhi, na kwa ndege ya jioni dereva akawa ameshakwenda nyumbani. Wape namba ya ndege, si saa ya kutua peke yake, ili wakiona imechelewa wasije mapema wakakukosa na kuondoka.

Kwa hiyo ulinganisho wenye ugumu ni ule wa gari la kampuni dhidi ya teksi yako peke yako. Na hapo jibu la Kisumu si jibu la Nakuru.

Kisumu: uwanja uko karibu, na karibu hubadilisha hesabu

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kisumu uko magharibi mwa mji, kando ya ziwa, kwenye barabara ya kwenda Busia. Ulipanuliwa, na jengo jipya la abiria likafunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwaka 2011. Kutoka hapo hadi katikati ya mji ni kama kilomita 5. Ni mwendo mfupi sana kwa uwanja wa ndege wa kimataifa, na ufupi huo ndio unaolinyang'anya gari la pamoja sehemu kubwa ya faida yake. Gari la pamoja huokoa pesa nyingi pale ambapo barabara ni ndefu. Kwenye barabara fupi huokoa kidogo, huku muda wa kungoja ukibaki uleule.

Chukua mfano wa hesabu tu, maana nauli hupanda na kushuka na bei ya petroli. Tuseme teksi hadi mjini ni shilingi 1,000 gari zima, na kiti kwenye vani ni shilingi 400. Ukiwa peke yako umeokoa 600, na 600 ni chakula cha mchana na soda juu. Mkiwa wawili mtalipa 800, kwa hiyo kila mmoja ameokoa mia moja, na kwa mia hiyo mtakaa uwanjani mkingoja watu msiowajua wamalize kuchukua mizigo. Mkiwa watatu mnalipa 1,200 kwenye vani na 1,000 kwenye teksi, na bado mtangoja. Weka bei utakazotajiwa siku hiyo mahali pa hizi zangu, kisha gawa. Familia ya baba, mama na mtoto mmoja haina sababu ya kupanda gari la pamoja kwenda mjini Kisumu, na sijui kwa nini wengi bado huambiwa kwamba ndilo la bei nafuu.

Mpweke asiye na haraka, anayelala hoteli ya katikati, karibu na Barabara ya Oginga Odinga ama ile ya Jomo Kenyatta, huyo gari la pamoja linamfaa. Liko njiani kwake. Vani yoyote inayotoka uwanjani lazima iingie mjini kabla ya kugawanyika kwenda kwingine, kwa hiyo yeye atakuwa miongoni mwa wa kwanza kushuka. Mtaa wa Milimani pia hakuna neno, kwa sababu ni hapo tu ukipita katikati ya mji.

Dunga ni hadithi tofauti. Hoteli za ufukweni kule ziko kusini, ukipita hifadhi ya swala pala, na mtu huzifuata kwa ajili ya ziwa, mitumbwi ya wavuvi na samaki aliyetoka majini. Lakini vani itamaliza mjini, itamaliza Milimani, ndipo ikufikishe wewe. Utakuwa wa mwisho karibu kila mara. Kama hoteli yako ya Dunga haina gari lake, chukua teksi, na mwulize dereva kama bei aliyotaja ni ya kufika mlangoni, kwa sababu wengine wakisikia Dunga hukutajia bei ya hapo barabara inapoanza, halafu mkifika mbele wanaongeza.

Riat iko kaskazini, juu ya vilima vya barabara ya Kakamega, na uzuri wake ni hewa na mandhari ya ziwa lote chini yako. Kufika huko lazima upite Kondele na Mamboleo. Jioni Kondele hujaa. Jumapili soko la Kibuye limefurika hadi pembeni mwa barabara, na magari hutambaa. Sasa hapa angalia jambo moja: teksi nayo itakwama palepale. Foleni haichagui. Tofauti ni kwamba kwenye vani utakuwa umeshazunguka mjini kabla ya kuifikia. Kwa Riat mimi hupima idadi ya hoteli zilizo mbele yangu. Moja, nakubali kupanda vani. Tatu, nalipa teksi.

Halafu kuna upande ambao wageni hawaufikirii kabisa, magharibi. Ukiwa unakwenda Kisian, Maseno ama Luanda, uwanja umeshakuweka kwenye barabara yako, na mji uko nyuma yako. Gari la pamoja linaloelekea mjini litakupeleka kinyume, kisha ulipe tena kurudi ulikotoka. Ni vivyo hivyo kwa wanaokwenda Mbita ama kisiwa cha Rusinga kwa feri. Njia yao inakatia Kisian, inapita Bondo hadi Luanda Kotieno, na hakuna haja ya kuuona mji. Na kwa sababu feri ina ratiba yake na haimngoji mtu, usikubali kuunganishwa na abiria wa mjini hata kwa bei ya chini namna gani.

Mizigo ndiyo humtambulisha dereva

Mlango wa nyuma wa vani ukifunguliwa, simama uangalie inavyopakiwa. Vani ya abiria kumi na wanne haina buti la maana. Masanduku hupangwa nyuma ya kiti cha mwisho, yakizidi hupandishwa kwenye kiti kisicho na mtu, na mabegi madogo huingizwa chini ya miguu. Sanduku linaloingia kwanza ndilo la kutoka mwisho. Dereva anayeijua kazi huuliza kabla ya kugusa chochote.

"Mama, wewe unashukia wapi?"

"Milimani."

"Basi ngoja kidogo, wako uingie mwisho. Mzee wa Riat, lete wako tuanze nao."

Ukisikia mazungumzo ya aina hiyo, panda kwa amani. Asiyeuliza atawasimamisha nyote mbele ya lango la hoteli ya kwanza, ateremshe masanduku matano kwenye vumbi, ama kwenye tope kama mvua imenyesha, ili alifikie moja. Na katika kuteremsha na kurudisha ndipo sanduku hubaki chini, ama hushuka na asiye mwenyewe, hasa siku hizi ambapo kila sanduku ni jeusi na lina magurudumu manne. Funga kitambaa cha rangi kwenye mpini wa lako. Na kila gari linaposimama, hata kama si kituo chako, geuka uangalie kinachotolewa. Si kumshuku mtu. Watu wamechoka na kila mmoja anakimbilia kuoga.

Kama una mzigo usio wa kawaida, teksi inashinda bila ubishi: televisheni ndani ya boksi lake, kiti cha magurudumu, gitaa, keki ya harusi. Nimeona keki ya harusi ya ghorofa mbili ikisafirishwa kwenye vani ya watu kumi, mwenyewe ameishika magotini tangu uwanjani, na kila tuta la barabara abiria wote wakinyamaza kwa pamoja. Ilifika salama. Lakini huyo mama hakuegemea kiti hata mara moja.

Kungoja

Hili ndilo linalowaudhi watu zaidi, na ndilo linaloulizwa kidogo zaidi. Gari la kampuni haliondoki wewe ukiwa tayari, linaondoka likiwa limewapata wote walioandikwa. Ukiwa wa ndege ya kwanza na wenzako ni wa ndege inayofuata, utakaa. Mchana wa Kisumu una joto, na vani iliyosimama juani si mahali pa mtoto mchanga wala pa mzee mwenye presha. Kabla ya kulipa, uliza hivi: "Mnangoja ndege ngapi?" Si "mnaondoka saa ngapi", kwa sababu kwa swali hilo utajibiwa "sasa hivi" hata kama sasa hivi ni saa nzima. Jibu likiwa ni ndege moja, sawa. Likiwa mbili, omba kujua ya pili inatua lini na uamue hapohapo.

Wanaolipenda gari la pamoja wana hoja moja ambayo naikubali kwa moyo wote, nayo ni ya mvua. Mvua za Kisumu hupenda alasiri na jioni. Jua linachemsha nchi kavu mchana kutwa, mawingu yanajikusanya juu ya ziwa na vilima, na ngurumo zinaanza wakati ndege za jioni zinatua. Saa hiyo teksi za kuitwa kwa programu ya simu huadimika na bei yake hupanda, na wewe umesimama chini ya paa ukiangalia simu. Vani uliyoilipia tangu juzi bei yake haijabadilika. Kwa anayefika usiku peke yake, na hasa kwa mwanamke anayekuja Kisumu kwa mara ya kwanza, gari lililopangwa mapema, dereva ameshika karatasi yenye jina lako, lina thamani ambayo hesabu ya mia moja haiwezi kuionyesha. Jina liwe kamili kama ulivyoliandikisha, na wewe ndiye umwulize anampokea nani. Usianze kwa kumtajia jina lako.

Tuktuk, bodaboda na matatu, kwa ufupi

Kisumu ni mji wa tuktuk na bodaboda, na mgeni akiziona huvutika. Tuktuk kwa mtu mwenye begi moja, mchana, kwenda mjini, ni nzuri na ya bei nafuu, na mzee mwenye magoti mabovu huiingia kwa urahisi kuliko ngazi ndefu ya vani. Ila huwezi kuitegemea kuikuta imesimama mlangoni pa uwanja. Bodaboda na sanduku la kilo 23 haviendi pamoja, liwe mbele ya dereva ama nyuma yako. Matatu za Busia, Siaya, Bondo na Maseno hupita barabara kuu zikielekea stendi ya Kisumu, na kwa mwenyeji anayejua pa kushukia ndiyo njia ya bei ya chini kuliko zote. Kwa mgeni mwenye mizigo, ajiandae kulipia kiti cha pili, na stendini bado atatafuta kitu cha kumfikisha hotelini.

Wanaopita mji: Kakamega, Siaya, Vihiga

Hapa ndipo lile gari la kuchanga linapong'aa. Kisumu hadi Kakamega ni kama kilomita 50, na teksi ya mtu mmoja inauma. Lakini ndege ya Alhamisi ama Ijumaa kutoka Nairobi hujaa watu wanaokwenda mazishini, na mazishi ya huku ni ya Ijumaa na Jumamosi. Wengi wanajuana, na wasiojuana wana shangazi mmoja mahali fulani. Mkipanga kwenye kundi la WhatsApp la familia kabla ya kupanda ndege, watu sita mnakodi vani moja kuanzia uwanjani, mnachanga kwa M-Pesa kwa mtu mmoja, na mnaamua wenyewe nani anashuka Chavakali, nani Mbale, nani anaendelea hadi hotelini Kakamega. Utaratibu wa kushusha uko mikononi mwenu, si mwa kampuni. Ukilinganisha na vani ya kampuni kwa safari hiyohiyo, hii inashinda kwa bei na kwa muda, na mkiwa mmefiwa mnapata pia faraja ya kukaa na watu wenu.

Sharti moja: dereva akubaliwe kwa bei ya safari nzima, si ya kichwa, na yule anayeshika pesa alipe nusu kwanza na nusu mkifika. Nusu iliyobaki ndiyo inayomfanya dereva apokee simu asubuhi.

Wa Webuye na Bungoma waangalie pia Eldoret kabla ya kukata tiketi ya Kisumu. Uwanja wa Eldoret uko Kapseret, kusini mwa mji, na kwa baadhi yao barabara itakuwa fupi zaidi.

Nakuru: hapa gari la pamoja ndilo la kuanzia kufikiriwa

Nakuru ilipata hadhi ya jiji Desemba 2021, lakini haina ndege za ratiba za abiria. Mgeni wake hutua Nairobi, uwanja wa Jomo Kenyatta (JKIA), kisha anabaki na barabara: kuvuka Nairobi yenyewe, Limuru, Naivasha, Gilgil. Kutoka Nairobi peke yake ni kama kilomita 160. Kwenye mwendo huo kila nilichosema kuhusu Kisumu kinageuka. Teksi ya peke yako inagharimu kuliko chumba cha kulala cha usiku mmoja katika hoteli nyingi za kawaida, na nusu saa ya kungoja wenzako si kitu mbele ya saa tatu za njiani.

Kwa hiyo Nakuru swali si gari la pamoja ama teksi. Ni gari la pamoja la kuanzia wapi. Vani za kila siku za Nakuru hupakia katikati ya Nairobi, pande za Nyamakima na River Road. Ni nyingi, zinaondoka zikijaa, na nauli yake ni ya chini. Lakini kutoka JKIA lazima kwanza ulipe teksi hadi huko, na huko ni msongamano wa watu, mikokoteni na wapiga debe wanaovutana na mpini wa sanduku lako. Kijana mwenye begi la mgongoni atapita hapo akiimba. Mama aliyetoka Ughaibuni na masanduku mawili na mtoto, namsihi asipite hapo. Yeye apange gari la pamoja linalompokea palepale JKIA pamoja na wengine wa Nakuru, kwa kupitia hoteli yake ama kampuni inayojulikana, hata kama kiti kinagharimu mara mbili ya kile cha Nyamakima. Akijumlisha teksi ya kumpeleka mjini na kiti cha ziada cha masanduku, ile tofauti inapungua sana.

Uliza kama gari litapita barabara ya juu, ile ya kulipia inayoanzia Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022. Inakutoa upande mmoja wa Nairobi hadi mwingine bila kukwama Mombasa Road. Uliza pia ada yake inalipwa na nani. Dereva asiyeelewana na abiria mapema kuhusu ada hiyo huanza kuchangisha gari likiwa limeshashika mwendo, na wanaokataa na wanaokubali hugombana mpaka Rironi.

Beba sweta mkononi, si ndani ya sanduku. Limuru na Kimende ni baridi, asubuhi kuna ukungu, na sanduku lako liko chini ya manne mengine. Ukisafiri wikendi ya Safari Rally ama siku za karibu na Krismasi, ongeza muda mwingi kwa kipande cha Naivasha na Gilgil, uwe ndani ya teksi ama vani. Hapo pesa haikununulii chochote zaidi ya kiti kilaini.

Na Nakuru pia kuna suala la kushushwa, ila safari hii linaweza kukufaidi. Vani kutoka Nairobi huingia jijini kwa kupita Mbaruk, Pipeline, Lanet, Free Area, Section 58. Kama hoteli yako iko upande huo, mwambie dereva wakati wa kupanda, sio mkifika, kwamba utashukia hapo, ili mzigo wako upangwe karibu na mlango. Ukinyamaza utapelekwa hadi stendi katikati ya jiji, kisha utalipa teksi ama boda kurudi njia uliyopita dakika kumi tu zilizotangulia. Kwa hoteli za Milimani, ama zile zilizo karibu na lango la Hifadhi ya Ziwa Nakuru, stendi haiepukiki, na teksi kutoka hapo ni safari fupi.

Kurudi uwanjani

Watu hulinganisha safari ya kuja na kusahau kwamba ya kurudi ina hesabu yake. Wakati wa kuja, ukichelewa unachelewa kulala. Wakati wa kurudi, abiria mmoja wa vani akishindwa kupata funguo zake, ndege inakuacha wewe. Na mpangilio unageuka: aliyeshushwa wa mwisho sasa huchukuliwa wa kwanza, kwa hiyo wa Dunga ama Riat ataamshwa alfajiri kuzungushwa hoteli za wengine.

Kwa Kisumu, mimi sipendekezi gari la pamoja la kampuni kwa ndege ya asubuhi, isipokuwa wote mnatoka hoteli moja na mnapanda ndege moja. Uwanja uko karibu mno kuhatarisha tiketi kwa ajili ya mia kadhaa. Kwa Nakuru halina budi, ila uchague lile linaloondoka mapema kuliko unavyodhani inahitajika. Kumbuka kwamba JKIA kuna ukaguzi kabla ya kufika kwenye majengo, na huenda abiria wote wakatakiwa kushuka. Watu kumi hushuka na kupanda polepole kuliko wawili, na anayesafiri nje ya nchi anatakiwa awe kaunta saa tatu kabla ya ndege kuruka.

Dereva wa teksi aliyekuleta vizuri ndiye wa kwanza kumwuliza kuhusu kurudi. Kubalianeni bei mkiwa bado ndani ya gari, chukua namba yake, na usiku wa kuamkia safari mtumie ujumbe wenye saa na jina la hoteli. Asipojibu kufikia saa nne usiku, mwombe mtu wa mapokezi akuitie mwingine kabla hujalala.